Siku ya Bahari, La Paz

Sisi wang'arisha viatu wa La Paz hufunika nyuso.
Soksi ya sufu, matundu mawili ya macho, basi.
Mama anajua nafanya kazi kiwanda cha uchapaji;
weusi wa kucha zangu anadhani ni wino.

Kwa hiyo gwaride mimi nalijua kutokea chini.
Usiniulize medali, wala manyoya ya kofia ya jemadari.
Niulize visigino. Nitakwambia nani ameazima buti,
nani kajaza karatasi ndani lisimpwaye,
nani anakanyagia ukingo wa nje, kama mtu anayewaza kutoroka.

Leo Machi ishirini na tatu. Alfajiri wanashuka mabaharia,
mavazi meupe pe, kola za buluu,
mabaharia wa nchi isiyo na pwani.
Ilikuwa nayo. Ikanyang'anywa vitani
kabla babu wa babu yangu hajaota meno,
na kila mwaka tunaidai kwa ngoma na tarumbeta,
kama mtu anayekwenda kwa jirani kudai kuku
aliyekwisha kuliwa, na mchuzi wake ukanywewa.

Foleni ya buti mbele ya sanduku langu.
Mate, brashi, kitambaa. Mate, brashi, kitambaa.
La saba: kushoto, mshono wa uzi wa nailoni kisiginoni.
Mshono wangu. Niliushona Jumapili, jikoni kwetu.
Sikuinua kichwa.
Hilarión, mdogo wangu, miaka kumi na tisa,
bahari ameiona kwenye kalenda ya duka la dawa,
alisimama juu yangu akitoa mvuke kinywani.
Nikang'arisha kuliko nilivyopata kung'arisha.
Nikajiona mle: kinyago, mbingu, kidevu chake.
Akagonga sanduku kwa ncha ya buti, mara mbili, halafu moja.
Ndivyo tulivyogongeana mlango wa choo utotoni.
Au alikuwa akijipasha vidole moto tu. Baridi ilikuwa kali.
Akalipa. Akaenda.

Gwaride! Gwarideee, mguu sawa!

Sajini Villca ana sauti ya bati linalokatwa.
Mia tatu wakawa mtu mmoja mwenye miguu mia sita.
Mguu unapaa hadi kiunoni, umenyooka kama ubao,
unangoja huko juu kidogo, kama umesahau ulichofuata, kisha
ta!
Madirisha ya benki yanaitikia.
Hewa ya huku haba; tuko mita elfu tatu na mia sita
juu ya hiyo bahari tunayoidai,
na kijana wa tarumbeta midomo imemgeuka zambarau.
Wataanguka hawa, akasema mama muuza uji wa mahindi.
Hawakuanguka.

Usiku mvua ilinyesha. Katikati ya barabara kuna dimbwi.
Safu ya kwanza haikulikwepa. Ya pili haikulikwepa.
Ukiwa ndani ya safu huna dimbwi, una mbele tu.
Kuliaaa, tazama!
Shingo zote zikageukia jukwaa la wakubwa,
na buti langu, lile la mshono, likazama hadi kwenye kamba,
likatoka limebeba tope la mji mzima.
Dakika ishirini za mkono wangu!
Kulia, alisema sajini, na mimi nilikaribia kulia;
nikacheka, ndani ya sufu, peke yangu.

Jioni tunakunywa supu. Mama anauliza lilikuwaje.
Zuri, anasema Hilarión. Tulilowa.
Mikono yangu nimeikalia.
Chumvi iko upande wangu wa meza.
Chumvi haijatupungukia nchi hii,
jangwa zima tunalo, jeupe hadi macho yachoke;
ni maji yake tu yaliyokwenda.
Ndugu yangu ananitazama machoni, pale pale penye matundu,
anafuta kijiko kwa mkate, hana haraka,
anasema: Kaka,
nipe chumvi.